Kubeti kupita kiasi: lini tuandike "uraibu" kwenye faili la mgonjwa?

Tabibu_wa_Wilaya ameanzisha mada:

Wakuu, naomba msaada wa wenye ujuzi wa afya ya akili. Kwenye kliniki za wilayani siku hizi vijana wanaletwa na wazazi au wake zao kwa lalamiko lilelile: ada ya mtoto imeishia kwenye mkeka (tiketi ya kubeti mechi kadhaa kwa pamoja), bodaboda ya mkataba imewekwa rehani, hesabu ya kikoba haikai sawa. Familia inafika imeshatoa hukumu: "Huyu ni mraibu, mpeni dawa." Kijana naye anasema anabeti kama wenzake wote wa kijiweni, na wiki iliyopita alikula laki.

Wengi wetu tulifundishwa uraibu wa pombe, bangi na heroini. Huku hakuna cha kupima kwenye mkojo. Kwa hiyo tusaidiane: mpaka kati ya mtu anayependa kubeti na mgonjwa uko wapi? Kuna kiwango cha pesa au saa? Yapo maswali mafupi ya kuuliza huku foleni ya watu arobaini inasubiri? Ni magonjwa gani yanajificha nyuma ya kamari? Na mzazi akisema mtoto wake ni mraibu wa simu, tunaandika nini?

---

Msaikolojia_Kliniki amejibu:

Mkuu, kwanza futa wazo la kiwango. Hakuna mwongozo wowote wa uchunguzi unaotaja shilingi wala saa. Mtu anayeliwa laki mbili kwa mwezi katika mshahara wa milioni tatu, akaweka simu chini na kulala, hana ugonjwa kwa sababu ya hiyo laki mbili. Anayeliwa 3,000 kwa siku huku akikopa hela ya sabuni, ameahidi mara nne kuacha na mara nne amerudi, huyo kaa naye.

Miongozo inayotumika ni miwili. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika rasmi Januari 1, 2022, imeweka tatizo la kamari chini ya namba 6C50, na inataka mambo matatu yaonekane pamoja: mtu ameshindwa kudhibiti uchezaji wake (lini aanze, acheze mara ngapi, aache saa ngapi), mchezo umepanda juu ya mambo mengine ya maisha, na anaendelea au anazidisha ingawa madhara yameshamfika. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12, lakini mambo yote yakitimia na hali ikiwa mbaya sana muda unaweza kupunguzwa. Pia madhara yawe ya kweli: kazi, ndoa, masomo, afya. Aibu ya mama mkwe peke yake haitoshi.

DSM-5 ya madaktari wa akili wa Marekani, ya mwaka 2013, ina dalili 9 na inataka angalau 4 ndani ya miezi 12. Dalili 4 hadi 5 ni hali nyepesi, 6 hadi 7 ya kati, 8 hadi 9 kali. Ndiyo iliyoitoa kamari kwenye kundi la matatizo ya kushindwa kuzuia msukumo na kuiweka jirani na pombe na heroini. Mkikuta kitabu cha zamani kinachotaka dalili 5 na kinahesabu wizi na utapeli kama dalili, jueni kimepitwa: kigezo cha uhalifu kiliondolewa.

Sasa namna ya kuuliza, maana hapa ndipo uchunguzi mwingi unapoharibika. Ukimuuliza kijana "unacheza kamari?" atajibu hapana, na hatakuwa anadanganya. Kwake kamari ni karata, kete na uchochoro wenye polisi, na kama ni Mwislamu au mlokole neno lenyewe limebeba dhambi. Yeye "anabeti". Uliza kwa majina yake: unabeti mpira? Unarusha kindege (ule mchezo wa simu wa ndege inayopaa na kuanguka)? Unacheza jekipoti, mechi za kompyuta, madubwi (mashine za sarafu)? Mara ya mwisho ilikuwa lini, na uliweka shilingi ngapi? Maswali ya aina hiyo hujibiwa bila kigugumizi.

Dalili zenyewe zigeuze ziwe maneno ya kuongea. Dau linalokupa raha leo ni lilelile la mwaka jana, au lazima liwe kubwa zaidi? (Hakikisha halijapanda kwa sababu tu kipato kimepanda.) Ukijizuia siku mbili tatu unakuwaje? Arosto ya kamari haina kutapika wala kuumwa viungo. Utasikia "nakuwa mkali nyumbani", "mikono inatafuta simu", "silali". Umejaribu kuacha au kupunguza mara ngapi, na kila mara ilidumu siku ngapi? Ukiwa kazini, msikitini au kanisani, akili inapanga mikeka? Unabeti zaidi ukiwa na mawazo au ukiwa umetulia? Ukiliwa leo, kesho unarudi kuifuata ileile iliyoliwa? Nani hajui kiasi halisi unachocheza? Umepoteza nini, au nini kiko njiani kupotea? Na mara ya mwisho mambo yalipobana, nani alikulipia?

Katika yote tisa, la kuifuata hela iliyoliwa ndilo la kukaa nalo zaidi. Wachezaji wengi hurudi kujaribu bahati. Mgonjwa hurudi kwa ajili ya deni moja mahususi, anajua hata tarakimu yake, na anaamini akishairudisha hiyo ataacha. Mwambie akueleze usiku mmoja wa aina hiyo tangu dau la kwanza mpaka la mwisho. Ndani ya simulizi hiyo moja mara nyingi utakuta dalili tatu au nne bila kuuliza swali jingine.

Kwa foleni ya watu arobaini, tumia maswali mawili tu ya mchujo. Umewahi kuhisi unalazimika kuweka dau kubwa zaidi na zaidi? Umewahi kulazimika kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Akikubali hata moja, mpangie siku yake ya nusu saa. Usiandike ugonjwa kwa maswali hayo mawili.

Ukiwa na nafasi zaidi kuna PGSI, dodoso la kupima ukali wa tatizo la kamari, maswali 9 kuhusu miezi 12 iliyopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3. Jumla ya 8 au zaidi inaashiria tatizo kubwa, 3 hadi 7 hatari ya kati, 1 hadi 2 hatari ndogo. Kosa linalorudiwa sana ni kuyatafsiri papo kwa papo. Mwuguzi mmoja atasema "mara chache", wa pili "mara kwa mara", na mgonjwa yuleyule atatoka na 5 kwa huyu na 11 kwa yule. Kaeni kituoni mwandike tafsiri moja, mtu mwingine airudishe kwenye lugha ya asili bila kuyaona maswali ya asili, mlinganishe, kisha wote msome kutoka karatasi hiyo hiyo. Na ni mchujo tu. Jina la ugonjwa linatoka kwenye mahojiano.

---

Hesabu_za_Mkeka amejibu:

Naongezea upande wa mchezo wenyewe, kwa sababu tabibu asiyejua mkeka unavyofanya kazi hawezi kujua mgonjwa amenaswa wapi.

Chukua mechi moja yenye odds (namba inayozidishwa na dau lako ukishinda) 2.10 nyumbani, 3.30 sare, 3.40 ugenini. Gawanya 1 kwa kila namba: 47.6%, 30.3% na 29.4%. Jumla ni 107.3%, na hiyo 7.3 iliyozidi mia ndiyo sehemu ya kampuni. Kwa wastani kila 1,000 inarudisha 932. Sasa unganisha mechi 10 za namna hiyo kwenye mkeka mmoja. Makato hayajumlishwi, yanazidishwa: 0.932 kwa yenyewe mara kumi, unabaki na kama 494 kwa kila 1,000. Nusu imekwenda kabla mpira haujapigwa.

La muhimu zaidi kwa tabibu ni hili. Tuseme mchezaji ni mjuzi kweli, kila mechi anapatia kwa asilimia 70. Mkeka wa mechi 10 utatiki wote mara 3 hivi katika 100. Lakini kuchanika kwa mechi moja tu kutatokea mara 12 katika 100. Maana yake kwa kila ushindi mmoja anaona zaidi ya mikeka minne iliyokosa mechi moja. Uchunguzi wa picha za ubongo umeonyesha kwamba kukosa kidogo hivyo huamsha sehemu zilezile zinazoamshwa na ushindi, na huongeza hamu ya kucheza tena. Kijana akikwambia "nakaribia, nimebakiza mechi moja tu", hajifariji. Ndivyo mkeka mrefu unavyomwonyesha kila wiki, na ukimwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi mbele yake ataielewa kuliko mahubiri.

Tofautisha pia kasi. Mechi ni dakika 90, kati ya dau na jibu mtu anakula, analala, anapoa. Kindege kinaruka na kuanguka ndani ya sekunde, na raundi nyingine inafunguliwa hapo hapo. Malipo yanakuja bila mpangilio unaotabirika, na hakuna nafasi ya kujiuliza. Kwa hiyo kwenye faili andika aina ya mchezo, usiandike "anabeti" tu. Aliyehama kutoka mikeka ya Jumamosi kwenda kindege cha kila usiku amebadilika hata kama jumla ya pesa ni ileile.

Ushahidi bora mlio nao uko kwenye simu. Kwa ridhaa ya mgonjwa, na yeye akiwa ameshika simu yake, ombeni taarifa ya miamala ya siku 90. Karatasi iwe na safu mbili: zilizoenda kwenye akaunti ya kubeti na zilizorudi. Wagonjwa wanakumbuka ile laki iliyorudi. Zile 2,000 mia moja zilizoenda hawana habari nazo. Halafu angalieni muundo. Mfano wa kutunga: saa 2:47 usiku 2,000, saa 3:05 tena 3,000, saa 3:11 tena 5,000, saa 3:13 umeingia mkopo wa simu wa 10,000, saa 3:14 hiyo 10,000 yote imeenda. Nafasi kati ya madau inafupika, dau linapanda, mkopo unaingia na kutoka ndani ya dakika moja. Hapo huhitaji kubishana na mtu kama anaweza kujizuia. Soma naye mstari kwa mstari, muulize kila saa alikuwa anawaza nini.

Tahadhari: taarifa ya simu haionyeshi waliolipa taslimu kwenye kibanda, wala wanaotumia laini ya mke. Ikiwa safi mno, uliza laini ngapi ziko ndani ya nyumba.

---

Dkt_Wa_Akili amejibu:

Wenzangu wameeleza vizuri. Mimi nakazia yale ya kuondoa kwanza, na jambo moja ambalo halisubiri miadi.

La kutosubiri ni kujiua. Mwenye deni anaweza kuwa hatarini, iwe familia bado haijui au siri yake imeshatoka. Muulize wazi: "Umefikia hatua ya kuona afadhali ufe? Umepanga namna?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, asiondoke peke yake, na ndugu waondoe nyumbani sumu za wadudu, dawa za mifugo na vidonge vilivyobaki. Mpeleke siku hiyo hiyo kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa.

Katika yale yanayofanana na uraibu wa kamari, la kwanza ni mania, yaani akili kupanda juu kupita kiasi. Uliza usingizi: mtu analala kwa muda wa saa mbili tu na haoni uchovu, anaongea bila kupumua, anagawa pesa, ana mipango ya kuwa tajiri kufikia Ijumaa, na hali hiyo imekaa wiki au zaidi. Kama anabeti vibaya ndani ya vipindi hivyo tu, na akitulia hana habari na mikeka, DSM-5 yenyewe inasema usiite uraibu wa kamari. Anahitaji matibabu ya baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Hapo ndugu ni wa maana kuliko mgonjwa, kwa sababu yeye hujiona mzima kuliko siku zote.

La pili wengi hulisahau: dawa. Dawa zinazochochea vipokezi vya dopamini (kemikali ya ubongo), kama pramipexole na ropinirole wanazopewa wenye ugonjwa wa Parkinson, zinaweza kumfanya mzee asiyewahi kubeti maishani aanze kucheza kila siku, au kununua vitu ovyo, au kufuata ngono kupita kawaida. Aripiprazole, dawa ya magonjwa ya akili, pia: mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo lake Mei 2016. Mzee wa miaka 65 akiletwa kwa kamari iliyoanza juzi, omba mfuko wake wa dawa kabla ya kumuuliza chochote. Lakini msizisimamishe ghafla, mtamuumiza kwa njia nyingine; aliyeziandika ndiye apunguze taratibu au abadilishe.

Sonona na pombe zipo kwa wengi wao, kwa hiyo pima zote mbili kila mara. Tafuta kipi kilitangulia: kama huzuni ilianza miezi mitatu baada ya madeni, au kama alikuwa na huzuni tangu sekondari na kubeti ndiko kulikomfanya asahau.

Kuhusu "mpeni dawa": FDA haijaidhinisha dawa yoyote kwa uraibu wa kamari. Naltrexone, dawa inayozuia kazi ya heroini na jamii yake mwilini, imejaribiwa na ina ushahidi kiasi wa kupunguza hamu, lakini ni uamuzi wa bingwa, baada ya kupima ini. Nasisitiza kwa wenzetu wa ukanda wa pwani: mgonjwa anayetumia heroini au aliye kwenye kliniki ya methadoni akipewa naltrexone ataingia kwenye arosto kali ndani ya saa moja. Uliza hilo mara mbili, na mara ya pili ndugu wakiwa nje.

Tiba yenye ushahidi mzuri ni mazungumzo: tiba ya fikra na tabia, mara nyingi vikao 8 hadi 12. Hata kituo kisicho na msaikolojia kinaweza kuanza leo na pesa. Mshahara au mapato ya siku yapitie kwa ndugu mmoja anayeaminika. Huduma ya mkopo wa simu ifungwe. Akaunti za kubeti zifungwe kwa kuiandikia kampuni, kwa maana kufuta programu tu ni kazi ya dakika mbili kuirudisha. Jumbe za bonasi zizuiwe. Madeni yaandikwe yote, na anayelipa awape wadai moja kwa moja, kidogo kidogo. Familia ikiuza shamba na kulipa kila kitu kwa mkupuo, mara nyingi imemfungulia mlango wa kukopa upya, na wadai wale wale watakuwa wa kwanza kumkubalia.

---

Mlezi_wa_Vijana amejibu:

Nijibu la simu. "Uraibu wa simu" na "uraibu wa mitandao" havimo kama ugonjwa kwenye ICD-11 wala DSM-5. Hakumo pia kufanya kazi kupita kiasi. Usibuni jina, andika unachokiona: "analala saa 9 usiku akiwa na simu, ameshuka darasani, amejitenga." Kisha tafuta kilicho nyuma: sonona, hofu, kuonewa shuleni, tatizo la kutotulia. Simu mara nyingi ndiyo pahali anapojificha.

Gemu ni tofauti, imo. ICD-11 namba 6C51, masharti yaleyale matatu na miezi 12. DSM-5 inaiweka kwenye orodha ya mambo yanayohitaji utafiti zaidi, dalili 5 kati ya 9. Hata hapa saa hazihesabiki. Mtoto wa likizo anayecheza saa sita, anakula na wenzake, na shule ikifunguliwa anaacha, ni mtoto wa likizo.

Na ponografia, kwa sababu vijana wa makanisani na madrasani hujiita waraibu baada ya kuangalia mara mbili kwa mwezi. ICD-11 ina tatizo la tabia ya ngono isiyozuilika, 6C72, lakini imeliweka kwenye matatizo ya msukumo, si kwenye uraibu, na inataka hali ya miezi sita hivi au zaidi. Tena imesema waziwazi kuwa dhiki inayotokana na hukumu ya kimaadili peke yake haitoshi. Majuto yake yasikilizwe kwa heshima, lakini yasigeuzwe jina la ugonjwa kwenye faili litakalomfuata.

---

Tabibu_wa_Wilaya:

Ahsanteni sana, hii nitaibandika ukutani. La mwisho: mgonjwa ameanza vizuri, wiki ya sita anarudi amebeti. Tunaanza upya?

---

Msaikolojia_Kliniki:

Hapana mkuu, na usimwonyeshe sura ya kukata tamaa, maana hatarudi tena. Kaa naye muandike mambo matano ya siku hiyo: saa, alikuwa wapi na nani, alikuwa na shilingi ngapi mfukoni, kilichotokea saa tatu kabla, na aliacha vipi. Hilo la mwisho watu hulisahau. Kama zamani alicheza mpaka salio likaisha na safari hii aliacha akiwa bado na 4,000, kuna kitu kilimzuia. Kitafute kwa jina. Halafu angalia siku: ni ya mshahara? Wikendi ya ligi? Siku aliyogombana na mkewe? Ikishajulikana, mpango unabadilika kwa siku hiyo tu. Mshahara ukiingia tarehe 28, yule ndugu anayemshikia pesa afike tarehe 27 jioni, na miadi yako uiweke tarehe 29 asubuhi.